Shangazi, daftari la wabakaji linapatikana wapi?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigoma Ujiji, mtaa siutaji. Nauza dagaa Kibirizi. Siku za mbalamwezi maboti hayatoki, basi nakuwa nyumbani na wanangu. Giza likirudi natoka alfajiri kuwahi mzigo na kurudi ni jioni, nimechoka, nanuka samaki, nalala. Nakueleza haya ujue kwamba muda mwingi sipo, watoto wanabaki na mdogo wangu.

Tangu mwezi wa kwanza kuna mwalimu wa tuisheni amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Watoto wa mtaa wanakwenda kwake saa kumi na mbili jioni wanarudi saa mbili usiku. Sitamsingizia, anajua kufundisha. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa hajui kugawanya, sasa anagawanya. Kaka yake wa miaka 12 yeye amegoma kwenda, anasema amechoka tu, nimemchapa mara mbili lakini wapi.

Mwezi uliopita alinitembelea shoga yangu wa Urambo, alikuja na treni. Tulikuwa tumekaa barazani, huyo mwalimu akapita akatusalimia. Shoga yangu hakuitikia. Usiku ndipo akaniambia: huyu alikuwa kwao Urambo, akifundisha hivi hivi, akamharibu binti wa jirani yao wa miaka 11. Wazazi walikwenda polisi, akalala ndani siku chache, kisha wazee wa pande zote mbili wakakaa. Akatoa ng'ombe wawili na pesa, akahama. Yakaisha kifamilia.

Shangazi, tangu usiku ule silali. Nina rafiki tuliyekuwa tukifanya naye biashara alipokuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa amehamishiwa Marekani. Nilipomsimulia akanitumia picha ya ramani ya mtaa anaoishi, ina vidoti vyekundu. Anasema kila kidoti ni mtu aliyewahi kufungwa kwa makosa hayo, ukibonyeza unaona sura yake, jina, nyumba anayolala na alichofanya. Mtu yeyote anaona, bure.

Nikajiuliza, letu liko wapi? Nilikwenda ofisi moja kuuliza, kijana niliyemkuta akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mama, hicho kitu hakipo, nenda nyumbani."

Sasa nimesharekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya grupu la mtaa wetu, lina watu zaidi ya 100. Nimemtaja jina. Sijautuma. Mume wangu anasema tuma, mdogo wangu anasema nikituma huyo mtu hatafika asubuhi. Shangazi, si haki yangu kujua nani anakaa na wanangu? Nitume nisitume?

Mama Watatu, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama pale ulipopita mbio: mtoto wa miaka 12 amegoma kwenda, anasema amechoka tu, umemchapa mara mbili. Hofu yako yote umeielekeza kwa binti, maana kisa cha Urambo ni cha binti. Anza na huyo wa kiume. Anza leo.

Sisemi kwamba jambo limetokea. Mtoto wa umri huo anaweza kuchoka masomo ya usiku kwa sababu zake, akawa ana usingizi, akawa anaonewa na wenzake. Lakini mtoto anayekubali fimbo mbili kuliko kuingia nyumba fulani anastahili kuulizwa. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa hapa Tanzania kuhusu ukatili kwa watoto, na ukaonyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hilo wengi tunalikumbuka. Tunalosahau ni kwamba kwa wavulana alikuwa mmoja kati ya saba. Kwa mtoto wa kiume aibu inamziba mdomo mara mbili, nasi tunamalizia kwa kumwita mvivu.

Usimuulize usiku, wala usimuulize umesimama mlangoni. Siku asiyokwenda shule mchukue Kibirizi akusaidie kuanua na kugeuza dagaa. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mtoto huongea. Kwanza mwombe radhi kwa zile fimbo. Halafu mwambie, "Sitakulazimisha tena kwenda. Kuna kitu kule hukipendi?" Kisha nyamaza. Hata akikaa kimya kwa turubai zima, nyamaza naye. Usimtajie jina, usimtajie kitendo, usimwambie ulichosikia Urambo, kwa sababu ikiwa lipo la kusema, siku moja huenda akalisema mahakamani, na lazima liwe lake kutoka kinywani mwake.

Akisema lolote, mjibu kwamba unamwamini na kwamba hajakosa. Usimhoji tena na tena mbele ya baba na majirani. Mpeleke hospitali au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kokote kulikokaribu. Kama ni jambo la siku hizi, nguo zisifuliwe na mtoto asiogeshwe kwanza, na kumbuka saa 72: dawa za kumkinga na VVU zinafaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Kama ni jambo la zamani, nenda vilevile.

Na kuanzia leo jioni, yule wa miaka 9 naye abaki nyumbani. Huhitaji ushahidi wa mahakama kumwondoa mwanao tuisheni. Mwambie mwalimu muda wa usiku haukufai, basi.

Sasa daftari. Yule kijana wa ofisini amekujibu vibaya, lakini hakukudanganya. Tanzania hatuna orodha ya wazi ya watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana ambayo mzazi anaweza kuifungua akaona jina na nyumba. Kilichopo ni kumbukumbu za wahalifu zinazokaa polisi. Mtu mwenyewe akiomba cheti cha tabia njema, anachukuliwa alama za vidole na rekodi yake inatazamwa. Vilevile hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinachapishwa kwenye mtandao wa TanzLII na kuzisoma ni bure. Ila uangalie sana hapo. Mtu anaweza kuwa amefungwa kwenye hukumu ya mwaka huu na rufaa ikamwachia huru baadaye. Halafu majina yetu unayajua: akina Hamisi Ramadhani ni wangapi kutoka Ujiji hadi Tabora mjini?

Lakini twende mbele zaidi, maana hapa ndipo penye roho ya swali lako. Tuseme daftari hilo lingekuwepo, limechapishwa, limebandikwa ukutani kwa mtendaji wa mtaa. Mwalimu wako asingekuwemo.

Daftari la namna hiyo, Marekani na kwingineko, huwaandika waliohukumiwa. Huyu hakuhukumiwa. Alilala ndani siku chache, wazee wakakaa, wakapokea ng'ombe wawili. Siku ile alitoka Urambo akiwa msafi kama wewe na mimi, akapanda treni, na hakuna karatasi ya hukumu hata moja nchini inayomsema.

Fikiri na hili. Kwa sheria yetu, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, anayepatikana na hatia ya kubaka anafungwa miaka isiyopungua 30, hukumu nyepesi ikiwepo tu kwa vijana wa miaka 18 kushuka chini. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 ni maisha pia. Ukihesabu miaka 30 kamili kutoka 1998 unafika 2028. Kwa hiyo wengi wa wale ambao daftari lingewataja, leo huenda bado wako gerezani. Tunaopishana nao sokoni, wanaofundisha, wanaopangisha vyumba, ni wale ambao kesi zao zilikufa njiani. Zimefia sebuleni, zimefia kwenye ofisi ya mtaa, zimefia mahakamani kwa kukosa shahidi.

Hilo la mwisho nimelishuhudia. Nilikaa kwenye benchi la mahakama moja mkoani Tabora, kesi ya mtoto wa darasa la tatu. Ikaitwa, mwendesha mashtaka akasimama akasema shahidi hajafika. Ikaahirishwa. Nilikwenda mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne nilimwona mama wa mtoto nje, chini ya mwembe, amejitanda khanga usoni. Alikuwa amefika, ila hakuingia. Mashemeji walishakula pesa na walimwambia akiingia asirudi nyumbani. Mshtakiwa akaachiwa. Alitoka akipangusa vumbi kwenye viatu. Yule mama sikumlaumu wala leo simlaumu, alikuwa peke yake. Ninaowalaumu ni wanaume watatu waliokuwa wamekaa kwenye pikipiki ng'ambo ya barabara wakimsubiri.

Kwa hiyo ukiniuliza daftari letu liko wapi, nakwambia kurasa zake tunazichana wenyewe kabla hazijaandikwa. Makosa haya hayana suluhu ya wazee. Mshtaki ni Jamhuri, si baba wa mtoto, na ng'ombe wa baba hawezi kuifuta kesi ya Jamhuri. Wala kosa kubwa kama hili haliozi kwa kupita miaka.

Haki ya kujua unayo, sikatai, na si wewe peke yako unayeililia. Marekani walipitisha sheria ya nchi nzima mwaka 1994 iliyotaka wakosaji waandikishwe. Mwaka huohuo huko New Jersey mtoto wa miaka 7, Megan Kanka, akauawa na jirani ambaye alikuwa na rekodi ya kudhuru watoto, na wazazi hawakuijua. Mwaka 1996 ikapita sheria inayoitwa kwa jina la Megan, kwamba majirani wajulishwe. Ndiyo asili ya vile vidoti vya rafiki yako. Nauelewa uchungu wa mama yule. Lakini tafiti nyingi za kwao hazikuonyesha wazi kwamba kuanika majina kumewapunguzia watoto madhara, kwa sababu wengi wa wanaowaumiza watoto ni mjomba, baba wa kambo, jirani anayeaminiwa, mwalimu, ambao hawajawahi kushtakiwa.

Uingereza daftari lao wanalo polisi. Mtoto Sarah Payne alipouawa mwaka 2000, gazeti moja likachapisha majina na picha za wakosaji, na watu wakaingia mitaani. Huko Wales daktari wa watoto alikuta nyumba yake imepakwa maandishi ya rangi, maana kwa Kiingereza neno la kazi yake linafanana kidogo na neno la anayetamani watoto. Baadaye wakapata njia nyingine, na tangu 2011 imeenea England na Wales yote: mzazi mwenye shaka na mtu fulani aliye karibu na mwanawe anakwenda polisi kuuliza, polisi wanachunguza, wakiona kuna hatari wanamweleza yeye, naye hatangazi. Afrika Kusini daftari limekuwepo tangu 2009, na anayeajiri mtu wa kukaa na watoto anapaswa kulipitia kwanza. Kenya, sheria yao ya 2006 imeagiza daftari litunzwe na Msajili wa Mahakama Kuu. Nigeria walizindua lao mwaka 2019, na hilo ni la wazi.

Mimi natamani tuwe na la aina ya Uingereza na Afrika Kusini. Mzazi aulize ajibiwe, shule na madrasa na kituo cha tuisheni vilazimike kuuliza. La kubandika ukutani silitaki, na wewe mtu wa Kigoma hunihitaji nikueleze sababu. Kamchape mmewaona. Wanaingia kijijini, wanamtaja mtu kuwa mchawi, na kabla jua halijazama nyumba imebomolewa na mzee wa watu anakimbilia porini. Hakuna anayeuliza umejuaje. Ujumbe wako wa sauti kwenye grupu la watu 100 utafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba sauti itakuwa yako.

Usitume. Ufute hata kwenye simu, mtoto asije akabonyeza. Ulichonacho ni maneno ya shoga yako, naye hakuwepo chumbani. Huenda ni kweli tupu, na mimi nakiri moyo wangu unaelekea kumwamini. Lakini akifananisha sura? Na hata kama hakukosea, mtu akipigwa mawe leo usiku, binti wa Urambo hatasikilizwa kamwe, mwanao hatasikilizwa, na wewe utakuwa kituo cha polisi ukiulizwa nani aliyewasha moto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kusema Dawatini ni jambo jingine kabisa. Huko si umbeya wala si kumchafua mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa. Basi nenda Dawatini na kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, useme kama ulivyoniandikia: nani kakuambia, lini, kwa maneno gani, na mwalimu anaishi wapi. Usiongeze chumvi. Andika kwenye karatasi jina la askari aliyekupokea na tarehe. Ukikutana tena na kijana wa kutazama simu, omba mkubwa wake. Simu 116 ni ya bure na ni ya mambo ya watoto, wewe unaweza kuipiga na wanao wafundishe kuipiga.

Shoga yako naye ana kazi. Yeye anaijua familia ya Urambo. Aende kwa mama wa yule binti, peke yake, bila wazee, amweleze kwamba mtu huyu sasa anafundisha watoto wengine. Asimlazimishe. Binti ameshakua kidogo, naye aulizwe anataka nini, na afisa ustawi wa huko awe pembeni yake. Wakikubali, taarifa yao inaweza kufunguliwa upya, na watu wajue kwamba kwa Sheria yetu ya Ushahidi, neno la mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, linatosha kumtia mtu hatiani. Wengi wanakubali ng'ombe kwa kudhani bila shahidi wa macho hakuna kesi.

Na mtaani kwako kuna jambo mnaloweza kulifanya bila kumtaja mtu yeyote. Ongea na akina mama wawili watatu, kisha mwende kwa mwenyekiti wa mtaa mkaombe utaratibu wa tuisheni zote: zifanyike barazani au chumba chenye mlango wazi, ziishe kabla ya maghrib, mtoto asibaki peke yake na mwalimu, kila anayefundisha alete cheti cha tabia njema. Cheti hakitaonyesha ng'ombe wa Urambo, nimeshakueleza kwa nini. Lakini mwalimu mwema hatakasirika kufundisha mlango ukiwa wazi. Atakayekasirika, mtamwona.

Mbalamwezi ikiingia utakuwa nyumbani, lakini usiisubiri. Kesho mpige simu shoga yako asubuhi, kisha upite Dawatini kabla hujashuka Kibirizi, siku hiyo mdogo wako ndiye akupokelee mzigo. Ukishaongea na mwanao, niandikie.

Shangazi